Kuondoa koga nyumbani wakati wa masika: siki, karafuu, jua na chokaa

Mvua za masika zikishika, nyumba za pwani hubadilika harufu kabla hazijabadilika sura. Unafungua kabati kutoa kanzu ya Ijumaa, unapokewa na uvundo. Unasogeza kitanda ufagie, unakuta ukuta wa nyuma una madoa meusi mithili ya masizi. Viatu vya ngozi ulivyovaa kwenye harusi mwezi uliopita vimeota vinyweleo vya kijani. Hiyo ni koga. Wapo wanaoiita ukungu, kuvu au fangasi, lakini kazi ya kuiondoa ni ile ile.

Nakaa Mji Mkongwe, Unguja, katika nyumba ya zamani yenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Ninalotaka kukwambia tangu mwanzo, kwa sababu lilinigharimu ukuta mzima, ni kwamba usianze na chupa ya dawa. Anza kwa kujua maji yanatoka wapi, kisha ujue ukuta wako umejengwa kwa nini. Mimi nilisikia kwamba siki inaua koga, nikawa naupulizia siki ukuta wa chumba cha watoto kila wiki kwa miezi miwili. Koga ilififia siku chache ikarudi, na plasta ikaanza kumeguka unga mkononi. Siki ni asidi, na asidi hula chokaa. Nilikuwa nauyeyusha ukuta wangu kwa mikono yangu.

Hatua ya 1: Tafuta maji

Mbegu za koga ni vumbi jepesi lisiloonekana kwa macho, limo hewani ndani na nje ya nyumba, na hakuna usafi utakaolimaliza. Linasubiri unyevu tu. Kitu kilicholowa kikikaa siku moja au mbili bila kukauka, koga inaweza kuanza kumea. Kwa hiyo swali la kwanza ni maji, na maji huja kwa njia tatu.

Yanayotoka juu hupitia bati lililotoboka penye msumari, paa la zege lililotuamisha maji, au mfereji wa mvua ulioziba majani ya mwembe. Doa lake huanzia darini, lina ukingo wa rangi ya chai, na hutanuka kila mvua inaponyesha.

Yanayotoka chini hunyonywa na ukuta kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Alama yake ni ukanda wa unyevu unaoanzia sakafuni, mara nyingi hauvuki urefu wa mita moja hivi, na penye ukingo wake wa juu kuna unga mweupe unaopukutika. Unga huo si koga, ni chumvi iliyobebwa na maji. Uguse kwa kidole kilicholowa: chumvi itayeyuka, koga itakuchafua kidole. Ukiuona, toka nje uzunguke ukuta. Mara nyingi utakuta kifusi au udongo umerundikwa juu ya msingi, au maji ya kuogea yanamwagika pale pale kila siku.

Yanayotoka hewani ndiyo yanayowapotosha wengi, maana hakuna kilichovuja. Ni mvuke wa sufuria, wa maji ya kuoga, wa nguo zilizoanikwa chumbani kwa sababu nje kunanyesha, na wa pumzi za watu waliolala chumba kimoja madirisha yamefungwa. Koga yake hukaa pembeni na mafichoni: nyuma ya kabati, chini ya godoro, kwenye kona ambayo upepo haufiki.

Usipojua ni ipi kati ya hizo, fanya jaribio hili. Kata kipande cha nailoni safi, ukubwa wa kitabu kilichofunguliwa. Futa ukuta ukauke juu, kisha igandishe nailoni kwa selotepu pande zote nne, uiache siku mbili. Ikilowa upande unaogusa ukuta, maji yamo ndani ya ukuta. Ikilowa upande wa chumbani, ni mvuke.

Bomba linalovuja na bati lililotoboka havina dawa ya asili. Mwite fundi kwanza, kisha rudi hapa.

Hatua ya 2: Pima ukubwa wa kazi na ujikinge

Ushauri unaotolewa na mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ni kwamba eneo lisilozidi kama mita moja ya mraba mtu anaweza kulisafisha mwenyewe. Likizidi hapo sana, au koga ikiwa imetokana na maji ya choo, tafuta watu wenye vifaa. Naona huo ni mpaka wa busara hata kwetu.

Vaa glavu za mpira, barakoa inayobana vizuri na miwani ya kukinga macho. Fungua madirisha, funga mlango wa kuelekea vyumba vingine, na uzime feni, kwa sababu feni itazipeperusha mbegu nyumba nzima. Mwenye pumu, mtoto mchanga, mama mjamzito na mgonjwa ambaye kinga yake ni dhaifu wasiwemo chumbani. Hili nalisisitiza kwa moyo wote. Koga huwaamshia wenye pumu shambulio, na huwaletea wengine kikohozi, macho kuwasha na mafua yasiyoisha. Mtoto akikohoa kila anapolala chumba fulani na kupona akilala kwa bibi yake, kikague chumba hicho hata kama hakuna doa linaloonekana.

Usiifagie koga ikiwa kavu. Ilowanishe kwanza kwa maji ya kupulizia ndipo uiguse.

Hatua ya 3: Chagua dawa kwa kutazama unachokisafisha

*Vigae vya bafuni, vioo, sinki, plastiki.* Hapa ndipo siki inapofaa. Tumia siki nyeupe ya dukani, yenye asidi ya asilimia 5 hivi, bila kuichanganya na maji. Pulizia, acha saa moja, sugua kwa brashi, suuza, kisha ufute mpaka pakauke. Kwenye mistari ya saruji kati ya vigae, usiigeuze siki kuwa desturi ya kila siku, kwani saruji nayo huliwa polepole. Mistari hiyo ipake uji mzito wa soda ya kuokea, sehemu tatu za soda kwa sehemu moja ya maji, acha nusu saa, sugua kwa mswaki wa zamani. Siki haiui kila aina ya koga, kwa hiyo usishangae doa moja likiondoka na jirani yake likabaki. Kusugua na kukausha ndiko kunakofanya kazi kubwa.

Wengi huonyeshwa wamwage siki na soda kwa pamoja ili vitoe povu. Povu linapendeza kulitazama, lakini asidi na soda zinamalizana zenyewe, na unachobaki nacho ni maji yenye chumvichumvi tu. Tumia kimoja, suuza, kisha tumia kingine.

Na kamwe, kamwe usichanganye siki au ndimu na dawa ya klorini, ile watu wengi wanaiita jiki. Hutoka gesi ya klorini, nayo huchoma mapafu. Ukiwa umeshamwaga jiki bafuni leo, siki ingoje siku nyingine, baada ya kusuuza kwa maji mengi.

*Ukuta wa saruji uliopakwa rangi.* Osha kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Sabuni ya mche inatosha kabisa, kwa sababu koga hupata chakula kwenye vumbi na mafuta yaliyoganda ukutani. Kisha pulizia maji ya soda, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji, sugua kwa sponji, futa, washa feni. Soda haiharibu rangi nyingi, lakini jaribu kwanza nyuma ya mlango. Rangi ikiwa imevimba au inabanduka, ikwangue. Kupaka rangi mpya juu ya koga ni kuifunika shuka tu; itatoka tena.

*Mbao.* Boriti, milango ya nakshi, vitanda vya samadari. Mbao haipendi maji mengi. Tumia tambara lililokamuliwa vizuri lenye maji ya sabuni, kisha tambara kavu, kisha kivuli chenye upepo. Usiianike jua kali ikiwa imelowa, itapasuka. Nakshi isugue kwa mswaki laini. Mbao ikibonyea ukiigusa kwa bisibisi, imeshaoza ndani, na hilo ni la seremala.

*Jiwe la marumaru la asili, terazo na ukuta wa chokaa.* Hapa siki, ndimu na limau ni marufuku. Kama hujui ukuta wako ni wa nini, chokonoa mahali pasipoonekana mpaka upite rangi, dondosha tone la siki. Likichemka povu, pana chokaa. Fungia siki kabatini. Nitaurudia ukuta huu mwishoni, unastahili hatua yake peke yake.

Hatua ya 4: Karafuu

Unguja na Pemba tuna dawa ya koga ambayo wengine huiagiza kutoka mbali. Mafuta ya karafuu yana kemikali iitwayo eujenoli, nayo hupambana na fangasi. Kule Wawi, Chake Chake, hukamuliwa mafuta kutokana na makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa.

Changanya robo kijiko cha chai cha mafuta katika lita moja ya maji, tia tone la sabuni ya maji ili mafuta yasielee juu, utikise kila unapopulizia. Itumie baada ya kusafisha, si badala ya kusafisha: ukuta ukishasuguliwa na kukauka, pulizia kidogo sana, kama umande, uache bila kusuuza. Harufu itajaa nyumba kwa siku mbili tatu. Mimi naipenda, mume wangu hukimbilia barazani.

Usizidishe kipimo ukidhani utapata nguvu zaidi. Mafuta haya huchoma ngozi na macho, hulainisha baadhi ya plastiki, na huweza kuacha rangi ya manjano kwenye ukuta mweupe. Mtoto akiyanywa yanaweza kumdhuru ini, kwa hiyo chupa ikae juu na imefungwa. Paka pia hawayawezi. Miili yao haina uwezo wa kuyaondoa. Mji wetu umejaa paka, basi wafungie nje mpaka pakauke.

Je, kuchemsha karafuu nzima? Maji yake yana nguvu ndogo na yanatia rangi ya kahawia. Nisingeyapaka ukutani.

Hatua ya 5: Nguo, viatu, mikeka na vitabu

Nguo yenye koga ipeleke nje kwanza uikung'ute, usiikung'utie chumbani. Nguo nyeupe za pamba, kama kanzu na shuka, mabibi zetu walizipaka ndimu na chumvi kwenye doa na kuzianika juani zikiwa bado mbichi, na njia hiyo ni nzuri mpaka leo. Paka, anika saa mbili au tatu, kisha fua kwa sabuni na usuuze vizuri, maana ndimu iliyobaki itaichosha nguo. Kanga na vitenge usivipake ndimu, rangi itachujuka. Viloweke saa moja kwenye ndoo ya maji yenye kikombe kimoja cha siki, kisha ufue kama kawaida. Koga ikishakula uzi wenyewe, doa la nukta nyeusi halitoki tena hata ufanyeje. Kubali, igeuze tambara.

Kanzu, buibui na nguo nyingine haziingii kabatini mpaka zimekauka hata kwenye mishono. Nguo iliyopigwa pasi iache itundikwe nje ya kabati nusu saa ipoe, kwa sababu mvuke wa pasi bado umo.

Viatu na mikoba ya ngozi: futa kwa tambara lenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kausha kivulini, paka rangi au mafuta ya ngozi, jaza magazeti makavu ndani.

Mikeka ya ukili isugue kwa brashi kavu nje ya nyumba, kisha jua la mchana kutwa, pande zote mbili. Vitabu na misahafu, ifute kurasa kwa brashi laini kavu ukiwa barazani, uvisimamishe vikiwa wazi penye upepo. Usivitie maji wala siki. Godoro la sponji lililoingia koga ndani halioshwi likatoka. Linauma kulitupa, najua bei yake, lakini litupe.

Na udi? Kufukiza ni ada yetu na harufu ya chetezo haina mfano, lakini moshi wa udi na ubani huufunika uvundo tu. Fukiza nguo iliyokwisha kufuliwa na kukauka.

Neno moja kuhusu jikoni: haya yote ni kwa ukuta na vyombo. Unga, karanga, mahindi au mkate ulioingia ukungu haukoshwi wala kupepetwa ukaliwa. Sumukuvu haiondoki kwa kupika, na Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua zaidi ya watu 100. Tupa, na usiwape kuku.

Hatua ya 6: Kausha hewa

Lengo ni unyevu wa hewa ndani ya nyumba usizidi asilimia 60. Masika pwani hewa hupita asilimia 80 kwa urahisi, kwa hiyo lengo hilo hatulifikii kila siku. Tunaangalia tusiizidishie hewa maji mengine.

Kipima unyevu unacho jikoni tayari. Chumvi huanza kunyonya maji hewa inapopita asilimia 75 hivi, ndiyo maana masika hugandamana ndani ya kopo. Weka kijiko cha chumvi kavu kwenye kisahani juu ya kabati. Ikilowa, kabati hilo linahitaji hewa leo. Baadhi ya watu huweka bakuli la chumvi wakitarajia likaushe chumba kizima, haliwezi. Mkaa nao hunyonya harufu na unyevu kidogo ndani ya sanduku lililofungwa: vipande vichache kwenye soksi safi ya pamba, uvianike juani kila baada ya wiki mbili. Chumbani palipo wazi hausaidii kitu.

Madirisha usiyafungue alfajiri ukidhani hewa ya asubuhi ni kavu. Unyevu huwa juu zaidi kabla ya jua kuchomoza na hushuka mchana. Siku isiyo na mvua, fungua kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi alasiri, pande mbili zinazotazamana, ili upepo upite. Nyumba zetu za zamani zilijengwa zikilijua hilo: ua wa katikati, dari ndefu, matundu juu ya milango. Tukiziba matundu hayo kwa sababu ya kiyoyozi au mbu, tunaziba pumzi ya nyumba. Weka wavu wa mbu, usiweke mbao.

Kabati na vitanda visiguse ukuta. Acha nafasi ya upana wa kiganja. Funika sufuria inapochemka. Ukimaliza kuoga, futa kuta za bafu kwa mpira wa kufutia maji, ni kazi ya dakika moja. Nguo zikilazimika kukaukia ndani, zianike chumba kimoja chenye feni na dirisha wazi, si chumba cha kulala watoto.

Hatua ya 7: Ukuta wa mawe na chokaa

Ukuta wa matumbawe hunyonya maji na kuyatoa. Ulijengwa hivyo makusudi, na chokaa iliyoupaka inapitisha mvuke. Matatizo mengi niliyoyaona Mji Mkongwe yameanza pale mtu alipoufunika kwa plasta ya saruji au rangi ya mafuta. Maji yaliyomo ndani hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi, na kutoka yakiwa na koga pale plasta inapoishia. Fundi mmoja aliniwekea saruji sebuleni akaniahidi unyevu umekwisha. Mwaka wa pili ulitokeza chumba cha juu.

Chokaa yenyewe ni dawa. Ikiwa mbichi ina ukali wa alkali ambao koga haiuwezi, na kadiri inavyokauka hunyonya kaboni dayoksaidi hewani na kurudi kuwa jiwe.

Nunua chokaa iliyokwisha kuzimwa. Ile isiyozimwa hutokota kwa joto kali ikiguswa na maji na imewachoma wengi. Vaa glavu na miwani, kwani tone la chokaa jichoni ni jambo la hospitali, na kabla ya kufika huko suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika kumi na tano au zaidi. Iloweke chokaa usiku kucha, ichuje kwa kitambaa, uizimue mpaka iwe nyepesi kama maziwa.

Ukwangue ukuta uondoe koga iliyolowanishwa, rangi ya plastiki na unga unaopukutika, kwa sababu chokaa haishiki juu ya rangi hizo. Osha kwa maji ya soda, acha ukauke siku kadhaa. Kisha nyunyiza maji ukuta uwe na ubaridi bila kutiririka, upake kwa brashi pana, tabaka jembamba sana. Itaonekana kama maji matupu na utashawishika kuongeza uzito. Usiongeze, inavyokauka inakuwa nyeupe. Tabaka tatu hadi tano, siku moja kati ya kila moja. Usitie chumvi ndani, ingawa mafundi wengine huitia ili ishike, maana chumvi huita unyevu.

Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu tangu 2001. Kwa hiyo kabla ya kugusa ukuta wa nje, ulizia mamlaka ya uhifadhi.

Usipake katikati ya masika, ukuta hautakauka, wala kwenye kiangazi cha kaskazi, chokaa itakauka haraka na kupukutika. Ngoja kipupwe, Juni hadi Agosti, kusi inapovuma na jua halijawa kali. Anza na ukuta wa nyuma ya kabati.